Kiatu cha Mguu Usiokuwepo

Tarehe 9 Januari

Mjomba Mkono wa Birika,

Shikamoo. Usinune. Jina hilo sikukupa mimi, alikupa dada yako mwenyewe, na hapa yupo anachambua maharage na kucheka. Sisi hatujambo. Goti la Mama linalalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Binti yangu kang'oka meno mawili ya mbele lakini maneno hayajapungua hata moja. Mimi ni yule yule wa kufua: mashuka ya hospitali nzima nayafua, nayaanika, nayakunja, kisha nayapanga kwenye kabati la koridoni, lile lisilo na kufuli.

Barua hii nampa jirani yako Redio, maana lori lake la dawa linakuja huku kila baada ya wiki mbili tatu. Aliyempa mtu yule jina la Redio alikuwa na utani mbaya. Nimemsalimia, kanijibu kwa nyusi.

Sasa sikia. Wodi ya wazazi kuna mama wa mapacha. Watoto ni wadogo sana, hawaruhusiwi kutoka mpaka waongeze uzito, na yeye miguu imevimba hata ndara hazimwingii. Anatembea peku kwenye saruji ya baridi, mchana kutwa, kutoka kitandani hadi chumba cha watoto. Nilimjaribishia sandali zangu, vidole vikabaki nje vinanichungulia. Urefu tunalingana, ila upana ni kiganja changu kizima na vidole viwili juu yake. Nimepima mwenyewe, nilikuwa nacheka, kumbe yeye analia.

Nikamkumbuka fundi viatu mmoja ambaye mpwa wake alienda shule peku mwaka mzima wa darasa la pili, naye yuko kibandani anagonga soli za watu wengine. Sisemi ni nani.

Mpwa wako

*

Tarehe 27 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwanao kang'oka meno, wewe ulimi bado umekaa imara. Mwambie dada yangu goti alipake mafuta ya moto, aache kulisimulia.

Mimi mzima. Mvua iliingia upande wa dirisha nikahamisha meza. Balbu za siku hizi hazina mwanga, nimebadilisha tatu mwezi huu na bado ni giza tupu. Wateja wapo, wanaleta viatu vilivyokwisha kufa wanataka nivifufue.

Mwaka ule wa darasa la pili, marehemu baba yako alikuwa ameapa kwamba kitu cha mkono wangu hakitavuka kizingiti chake. Yeye na mimi tuligombana, na ugomvi wenyewe hata sikumbuki ulianzia wapi. Yamepita. Usiyafukue.

Mjomba wako

*

Tarehe 2 Februari

Mjomba!

Shikamoo. Salamu zote chukulia nimeshatoa, maana habari hii haingoji.

Siku ile ile Redio aliponiletea barua yako, nilienda kupanga mashuka. Navuta rundo la kwanza, kitu kikaanguka mguuni kwangu. Viatu! Ngozi laini kama sikio la mbuzi, mdomo mpana, kamba za kulegeza na kukaza. Havina jina, havina karatasi. Nilikaa juu ya ndoo, nikavigeuza. Mama wa mapacha alipovivaa, vikamwingia kama vile alilala usiku vikashonwa vikiwa mguuni. Alitembea hadi mwisho wa koridoni akarudi, akaenda tena akarudi.

Mjomba, nani alijua? Matroni anaapa si yeye. Mpishi kasema ni majini, na tangu hapo hapiti pale bila kukohoa kwanza.

Mimi nilikumbuka hadithi ya mama yenu, ile ya Bi Kimya, anayepita alfajiri akiacha mlangoni kitu ambacho mtu amekosa. Na lile sharti lake: ukimwona fumba macho, ukimjua funga mdomo, kwani siku ukimtaja jina au kumshukuru, harudi tena. Unajua kwamba na mimi alinipitia? Mwisho wa mwaka ule wa peku, niliamka nikakuta kwenye kizingiti viatu vya kahawia vyenye kifungo cha shaba. Kwa ndani, kando ya kisigino, palikuwa na pindo dogo la ngozi ili nisichubuke. Baba aliuliza vimetoka wapi, Mama akasema Bi Kimya, na Baba akaviacha. Nimekuwa mtu mzima, lakini hadithi ile sijaacha kuiamini. Jana nimemuuliza Mama tena, akaniambia maharage yanaungua. Hatukupika maharage jana.

Siku hizi wodini yupo pia mtoto wa kike wa miaka saba, mwenye mguu mmoja mfupi. Nikimwekea vidole vyangu vitatu chini ya kisigino cha kushoto ndipo anasimama wima. Alipoona viatu vya mama wa mapacha, aliniuliza kabati lile linafunguliwa saa ngapi. Nilijibu nini? Nilimwambia halina saa.

Mpwa wako aliyeduwaa

*

Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mambo ya kabati mwachieni kabati.

Vidole ulivyotaja ni vitatu vya kulala au vya kusimama? Nauliza kwa ajili ya ufundi tu. Mtu akiishi na kazi moja miaka arobaini, hawezi kusikia habari za mguu akalala.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu sana, anasema barua yako iliyopita ilikuwa fupi kama risiti. Vidole ni vya kulala, kama nilivyokujibu kwenye ile karatasi niliyompa Redio mbio mbio.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Kabati limefanya tena! Jozi ya buluu, kiatu cha kushoto kina soli nene ya vidole vitatu kamili, lakini nyepesi, imetobolewa ndani isimlemee mtoto. Mimi na matroni tulishikana mikono kama wasichana. Yule mtoto wala hakushangaa. Alivaa, akasimama wima, akasema, "Mlichelewa kidogo." Kisha akatoka mbio, akamgonga mpishi na sufuria.

Mjomba, mimi si mtu wa kuogopa hovyo, lakini siku hizi nikifungua kabati lile naanza na hodi.

Ila kuna mmoja hata Bi Kimya simwoni akimweza. Kitanda namba saba yuko mzee aliyekuwa tarishi. Miaka arobaini kapeleka barua na mafaili kwa miguu, ofisi hadi ofisi, hakupenda baiskeli wala gari. Wamemkata mguu wa kulia chini ya goti. Amebaki na wa kushoto, mrefu, mwembamba, namba arobaini na tatu, na kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake. Magongo wamempa, hataki hata kuyatazama. Anasema tarishi asiyetembea ni bahasha tupu. Amegeukia ukuta, chakula anakirudisha. Daktari kaniambia wazi, asipoinuka kitandani hawezi kumaliza mwaka. Viatu vyake vya zamani vilipotea siku ya ajali na hana mtu wa kumletea vingine.

Nimeanza kumpelekea uji wangu mwenyewe. Anakunywa vijiko viwili kwa kunionea huruma mimi.

Mpwa wako

*

Tarehe 8 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Redio kaja mara mbili bila barua yako. Nilimuuliza kama u mgonjwa, akatikisa kichwa, sikujua ni ndiyo au hapana. Unaumwa? Tuambie. Mama hasemi, ila nimemkuta anakunja khanga zake kama mtu anayetaka kusafiri.

Nina hasira, Mjomba, na nimeshtuka kwa namna isiyo ya furaha hata kidogo.

Jana kwenye kabati nilikuta kiatu kimoja. Kimoja tu, cheusi, cha kufunga kamba, namba arobaini na tatu, kimeng'arishwa mpaka unajiona, na kwa mbele kimeachwa nafasi ya kidole kilichopanda. Niliruka. Sikusubiri mtu, sikukiangalia vizuri, nilikimbia nacho hadi kitanda namba saba nikapiga kelele, "Mzee, geuka! Geuka uone!" Aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aje aliketi mwenyewe, akatoa mguu wake nje ya shuka. Akakishika kile kiatu, akakipindua, akakiweka kando ya mguu wake.

Kiatu ni cha mguu aliokatwa.

Mzee alikitazama, akanitazama mimi, akaniambia taratibu kabisa, "Mwanangu, mmenitania." Akageukia ukuta. Hajala tangu jana, hata vile vijiko viwili.

Ni mtu gani mwenye roho hiyo? Ajue namba, ajue hata kidole, halafu amshonee mzee kiatu cha mguu uliokwisha kuzikwa? Huu ni mzaha wa shetani. Nimesema mbele ya watu na sasa naandika: mkono uliokishona kiatu kile ukauke. Kabati nitalitia kufuli.

Mpwa wako

*

Tarehe 30 Mei

Mpwa wangu,

Sijambo. Usilaani mkono usioujua.

Nimefunga kibanda. Mwandiko huu mkubwa unisamehe, nikiandika mdogo siuoni mwenyewe. Kwa muda sasa nasoma neno hili naona lile, na sindano naitia uzi kwa kuipapasa. Nilidhani ni balbu. Si balbu. Fundi asiyejua tena kulia na kushoto asishike msharasi wa kutobolea ngozi, atawaumiza watu. Kalibu zangu za mti, zile za kuundia viatu, nimezifunga kwenye gunia. Atakayezitaka nitampa.

Hospitali siendi. Uzee hauna dawa.

Msalimie dada yangu. Mzee wa namba saba mpe pole. Mwambie hakuna aliyemtania.

Mjomba wako

*

Tarehe 15 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na tena shikamoo.

Nimeirarua barua hii mara nne. Leo naandika taratibu, maana mwandishi akiwa na haraka hutokea mambo.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye beseni la sabuni. Nilipofika pale uliposema fundi asiyejua kulia na kushoto, nikaacha kusoma. Mimi sikukuandikia kulia wala kushoto siku ile ya hasira. Nilisema tu kiatu ni cha mguu aliokatwa. Nikasoma tena. Povu likakauka mikononi.

Unajua nina tabia ya kuandika barua zako kwenye daftari kwanza, kwa sababu ulinicheka zamani kwa herufi zangu. Nililitoa daftari. Nikafungua ukurasa wa mwezi wa tatu. Nilitoka nduki hadi kitanda namba saba, nikafunua shuka bila hata kuomba radhi. Kisha nikarudi nyumbani, nikamwekea Mama daftari mezani, nikaweka kidole penye lile neno. Alilitazama. Akainuka akasema anakwenda kuanua nguo. Kamba ilikuwa tupu, Mjomba. Alisimama pale uani akiishika kamba tupu na kulia.

Sasa, sijui chochote na sikuulizi chochote. Nimelelewa na mama yako, sharti nalijua. Nina habari ndogo tu za kawaida.

Habari ya kwanza: mimi mpwa wako ni mzembe. Mzee wa namba saba wamemkata mguu wa KUSHOTO. Nilisimama miguuni pake, tunatazamana, kisiki kikawa upande wa mkono wangu wa kulia, basi nikaandika kulia. Wodi nzima inajua ni kushoto. Mwenyewe anajua. Duniani kote kosa hilo liliandikwa mahali pamoja tu, na niliyeliandika ni mimi. Aliyelisoma, kama yupo, alisoma sawasawa. Macho yake hayakumdanganya hata nukta.

Habari ya pili: ile laana nimeifuta. Nimemwomba Mungu kwa sauti, mbele ya watu wale wale, kwamba mkono ule ubarikiwe na ulimi wangu ndio ushike adabu. Mpishi kasema "amina" bila kukohoa.

Ya tatu: kufuli niliitia, nimeivunja kwa nyundo. Matroni atanikata kwenye mshahara.

Ya nne ni habari za watoto. Binti yangu kaota meno mapya. Nimemtolea sandukuni vile viatu vya kahawia vyenye kifungo cha shaba, vimemkaa. Nilikuwa sijawahi kuvitazama kwa macho ya mtu mzima. Lile pindo dogo la kisigino, Mjomba. Nimeliona mara tatu mwaka huu: kwa mama wa mapacha, kwa yule mtoto, na kwenye kile kiatu cheusi. Miaka yote hii nimekuita Mkono wa Birika. Nilikuita hivyo mbele za watu, nilikuita hivyo harusini kwangu, nawe ukacheka na wenzako.

Sitasema zaidi. Nimefunga mdomo, nimeushika kwa mikono miwili.

Mzee bado kageukia ukuta. Vijiko vimerudi kuwa viwili. Kile kiatu nilitaka kukiondoa, akanizuia. Kinakaa dirishani, anakitazama akidhani simwoni.

Mpwa wako

*

Tarehe 20 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ya mwezi jana sikuielewa, labda ilikuwa ya mtu mwingine. Nimeiweka.

Ila mimi leo ndiye nina la kusimulia, na usinicheke. Nimepigwa na butwaa, mwenzio.

Juzi asubuhi nimetoka kuteka maji. Narudi, mlango wa kibanda uko wazi, ule ule niliofunga. Gunia langu la kalibu limefunguliwa, kalibu zimerudi kwenye rafu zake, na juu ya meza kuna miwani. Si moja. Tatu! Zimepangwa mstari, ya kwanza nyembamba, ya pili nene kidogo, ya tatu nene zaidi. Hakuna jina, hakuna karatasi. Nilisimama mlangoni nikiwa nimebeba ndoo mpaka mkono ukafa ganzi. Nilisema hodi kwenye kibanda changu mwenyewe!

Niliivaa ya kwanza, nikaona meza. Nikavaa ya pili. Mpwa wangu, niliiona sindano. Nililiona tundu lake! Niliona uzi una nyuzi tatu ndani yake. Niliona vumbi, vumbi la miaka mitatu, nikaona aibu kwa wateja wote walioketi humo. Mtu mzima nikakaa kwenye kigoda changu nikalia, na nikawa naona hata machozi yanavyodondoka kwenye ngozi. Kumbe sikuwa nakwenda kuwa kipofu. Nilikuwa nakwenda kuwa mzee tu.

Redio nilimkamata shati. Nikamuuliza, ni wewe? Akanitazama, akafungua mdomo baada ya miaka kumi na moja ya ujirani, akasema, "Mimi nabeba tu."

Sasa mimi nakuuliza wewe, kwa kuwa huko kwenu kuna hospitali na kuna daktari wa macho. Unajua lolote?

Miwani ya pili ndiyo niliyoandikia barua hii. Ona mwandiko. Jana nimekaa nikasoma upya barua zako zote tangu Januari, moja moja. Ile ya tarehe 20 Machi, mstari wa kumi na tisa, umeandika "kulia". Kulia kabisa, kwa wino wa buluu, umekolea. Sina maana yoyote. Nakupa kama habari.

Kibanda nimefungua.

Mjomba wako

*

Tarehe 3 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama goti lake limepona ghafla, anapanda lori la Redio wiki ijayo kuja kukuona. Mpikie, na usimpe chai ya kupima kwa kijiko.

Miwani? Mimi nafua mashuka, miwani nitaijulia wapi. Mambo ya kibanda mwachieni kibanda.

Jana asubuhi kabati lilikuwa na kiatu kimoja cheusi. Safari hii nilikikagua mara tatu kabla sijakigusa, nikamwita na matroni akikague. Nilikiweka kimya kimya kitandani kwa mzee, nikajifanya nakunja shuka la jirani. Halafu nikasikia kamba zinafungwa.

Tuligeuka wote. Alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, mguu wake wa kulia uko chini, kiatu kinang'aa. Kile cha kwanza alikuwa amekitoa dirishani, akakipanga kando, pale mguu wa kushoto ungekaa. Akasema, "Viatu ni jozi." Kisha akaomba magongo kwa sauti ya kuamuru, kama mtu aliyecheleweshwa kazini. Mpishi ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko sisi wote, na alikuwa anakatiza njia tu.

Leo amekula sahani nzima, akauliza kama ofisi hii ina barua ya kupeleka.

Sikushukuru kwa lolote, Mjomba. Na wewe usinishukuru kwa lolote. Ila barua hii sitaipeleka mwenyewe kwa Redio. Mzee yuko hapa mlangoni, kasimama, ananihimiza nimalize. Ameshaniambia kazi yake haina kesho. Ni hatua sitini na nane kutoka hapa hadi kwenye lori, nimezihesabu, na ananikataza kumshika. Ukiipata, basi ujue ilianza safari kwa kiatu cha kulia.

Mpwa wako